Borjomi Si Mji wa Kupita

Mabasi ya ziara yanayoondoka Tbilisi asubuhi kuelekea kusini-magharibi mwa Jojia yana ratiba inayofanana: kidogo Borjomi, kidogo ngome ya Rabati, muda mrefu kwenye mji wa mapango wa Vardzia, kisha safari ya kurudi gizani. Borjomi ndiyo hupunjwa. Abiria hushushwa kwenye lango la bustani, huonja maji, hukunja uso, hupiga picha mbele ya chemchemi, kisha huitwa warudi garini. Ukifika kwa namna hiyo utaondoka ukisema ni mji wa maji ya chumvichumvi na bembea za watoto, na hutakuwa umesema uongo. Ila utakuwa hujaufikia. Huu ni mji wa tiba na mapumziko, uliojengwa kwa ajili ya watu waliokuja kukaa wiki nzima au zaidi, na mpaka leo haumfungukii mtu mwenye haraka. Lala hapo usiku mmoja kwa uchache. Siku tatu ndizo kipimo changu.

Jojia ninayoisema ni nchi ya milima ya Kaukazi, inayopakana na Urusi, Uturuki, Armenia na Azabajani, si lile jimbo la Marekani. Borjomi iko magharibi ya Tbilisi, mwendo wa kilomita 160 hivi, katika bonde jembamba linalopitiwa na mto Mtkvari, ambao ramani nyingi huuita Kura. Mji upo kwenye mwinuko wa takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wake ni kama elfu kumi tu. Pande zote mbili milima imesimama wima ikiwa imevaa misonobari, kiasi kwamba jua huchelewa kuingia mjini asubuhi na huwahi kutoka jioni. Beba sweta hata ukienda Julai.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyouleta mji.

Maji ya Borjomi hutoka kilomita nyingi chini ya ardhi. Huko hukaa kwenye joto na mgandamizo mkubwa, huyeyusha madini ya miamba, kisha gesi ya kaboni dayoksaidi huyasukuma mpaka juu yakiwa bado na joto la nyuzi 38 hadi 41 za Selsiasi. Kila lita hubeba gramu 5 hadi 7.5 za madini, na sehemu kubwa ya hayo ni sodiamu na baikaboneti. Ndiyo maana Mswahili aliyekulia kwenye nyumba inayotia magadi katika makande au kisamvu hatashangazwa sana na ladha yake: ni ndugu wa jambo lilelile. Mtu anayetarajia maji baridi ya chupa kutoka dukani ndiye hushtuka, kwa sababu ya chemchemini ni ya vuguvugu, yana harufu nyepesi ya kiberiti, na gesi yake ni laini. Ya chupani yamepozwa na mapovu huyahisi zaidi ulimini. Onja yote mawili siku moja, utaelewa kwa nini wenyeji hubeba madumu kwenda bustanini ilhali maduka yamejaa chupa.

Chemchemi maarufu iko ndani ya Bustani Kuu, karibu na lango, chini ya banda la rangi ya samawati lenye vioo. Kiingilio cha bustani ni kidogo. Nenda na kikombe chako au chupa tupu, na nenda mapema, saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla mabasi hayajaanza kushusha watu. Kunywa kidogo kidogo, ukitembea au ukikaa, si kwa kugugumia. Robo glasi inatosha siku ya kwanza kwa mtu ambaye tumbo lake halijayazoea, kwa sababu yanaweza kulegeza choo. Na usiyaweke kwa ajili ya kesho: gesi huyatoka upesi, na yakishapoa ladha hubadilika kuwa nzito.

Matabibu wa huko wana desturi ya zamani ya kuyatoa maji haya kwa kipimo. Mgonjwa huulizwa kwanza kuhusu tumbo lake. Mwenye asidi nyingi huambiwa anywe yakiwa ya vuguvugu, muda mrefu kabla ya chakula. Mwenye asidi haba huambiwa anywe muda mfupi kabla ya kula. Hoteli kubwa za mjini na za kitongoji cha Likani zina vitengo vyenye madaktari na wauguzi wanaoandika ratiba ya namna hiyo, pamoja na mabafu ya maji ya madini na kuchuliwa mwili. Ikiwa umekwenda hasa kwa ajili ya afya, lipia kumwona daktari siku ya kwanza. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko yote utakayotoa safarini.

Hapa lazima niseme kwa uwazi, kwa kuwa najua wengi wetu tukisikia maji ya tiba tunabeba matumaini makubwa. Baikaboneti hutuliza asidi ya tumbo, kwa hiyo mtu mwenye kiungulia au aliyevimbiwa anaweza kupata nafuu ya kweli. Lakini vidonda vya tumbo kwa kawaida husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu, na hakuna maji ya chemchemi yatakayomuua bakteria huyo. Anahitaji dawa za hospitali. Kingine kikubwa zaidi ni sodiamu. Lita moja ya Borjomi inaweza kuwa na gramu 1 hadi 2 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 2 kwa siku nzima, kutoka katika kila anachokula na kunywa. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asiyanywe bila kumuuliza daktari wake, na aulize kabla ya kukata tiketi, si baada ya kufika. Mama mjamzito hali kadhalika. Wala usiache kidonge chako hata siku moja kwa sababu umekaribishwa glasi ya maji yenye sifa. Warusi humwambia mtu aliyechelewa kushughulikia jambo lake kwamba hakuna faida ya kunywa Borjomi figo zikishakufa. Wanasema kwa utani, lakini ndani yake mna onyo la kitabibu.

Kwa kiu ya kawaida nunua maji ya kawaida. Borjomi si maji ya kunywa kutwa.

Sasa endelea mbele ndani ya bustani. Sehemu ya mwanzo ina bembea, vibanda vya peremende na kelele za watoto. Ukiwa na familia mtakaa hapo kwa furaha, na pia kuna kigari cha kuning'inia kwenye waya kinachopandisha watu mpaka uwanda wa juu, mahali unapouona mji wote umelala bondeni. Lakini ukilipita eneo hilo na sanamu ya Prometheus kando ya maporomoko madogo, kelele hukatika. Njia hufuata kijito cha Borjomula katikati ya misonobari, tambarare, yenye kivuli, mtu mzima na hata mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuimudu akitembea kwa kupumzika. Baada ya kilomita tatu hivi utafika kwenye mabwawa ya wazi ya maji ya salfa.

Usidanganywe na picha za mvuke unazoziona mitandaoni. Maji ya mabwawa haya ni ya vuguvugu, si ya moto, na siku ya baridi utatetemeka mara tu ukitoka. Vyumba vya kubadilishia nguo ni vya kawaida sana. Chukua kandambili, taulo, nguo ya kuogelea iliyokwisha tumika (salfa hufifisha rangi), mfuko wa plastiki wa kutia nguo mbichi, na uvue pete na mikufu ya fedha kabla ya kuingia, maana hugeuka nyeusi. Wanaume na wanawake huoga pamoja. Dada anayependa kujisitiri avae vazi lake refu la kuogelea, ila aulize kwanza pale wanapokata tiketi kama linaruhusiwa. Wikiendi za Julai na Agosti mabwawa hufurika. Siku ya kazi asubuhi unaweza kuyapata karibu matupu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote katika mji huu.

Ukirudi mjini, tembea barabara inayotoka kwenye lango la bustani ukitazama majengo, kwa sababu kila moja linaeleza nani alikuja kunywa hapa. Mnamo 1829 kikosi cha askari wa Urusi kilichopiga kambi bondeni kilizikuta chemchemi, na inasimuliwa kwamba kamanda wao, Kanali Pavel Popov, alikuwa akisumbuliwa na tumbo na maji yakamfaa. Mwaka 1841 Yevgeny Golovin, aliyekuwa akiiongoza Kaukazi kwa niaba ya Kaizari wa Urusi, alimleta binti yake mgonjwa, Ekaterina. Binti alipona, na chemchemi unayoinywea leo ndiyo yenye jina lake. Baada ya hapo sifa ilisafiri hadi Moscow na Petersburg. Bonde lote likaja kuwa mali ya Mikhail Nikolaevich, ndugu wa Kaizari Alexander wa Pili, na mwaka 1890 maji yakaanza kutiwa chupani kwa biashara. Mtunzi wa muziki Tchaikovsky alikuja kupumzika mwaka 1887. Mwana wa Mikhail, Nikolai Mikhailovich, alijijengea kasri huko Likani katika miaka ya 1890, na zama za Kisovieti Stalin naye alilala humo. Uliza mjini kama kasri liko wazi kwa wageni wiki hiyo.

Jengo ambalo hutahitaji kuuliza ni lile la rangi ya feruzi karibu na bustani, lenye baraza za mbao zilizotobolewa nakshi kama pazia. Lilijengwa mwaka 1892 na Mirza Riza Khan, balozi mdogo wa Uajemi, na siku hizi ni hoteli. Simama mbele yake hata kama hulali humo. Fundi alichanganya ladha ya Uajemi, ya Ulaya na ya Kijojia katika ukuta mmoja, na ukuta umekubali.

Lakini usiwaone wenyeji kama walinzi wa makumbusho ya wafalme. Chupa ya Borjomi ni ajira yao. Mwaka 2006 Urusi, iliyokuwa soko kubwa kuliko yote, ilipiga marufuku maji haya kuingia nchini mwake, na marufuku hiyo ikadumu hadi 2013. Agosti 2008, wakati wa vita kati ya nchi hizo mbili, misitu ya bonde hili iliungua kwa siku nyingi; ukipanda mlimani utaona makovu. Mwaka 2022 viwanda vya kutia maji chupani vilisimama kwa muda kwa sababu mwanahisa wake mkuu Mrusi aliwekewa vikwazo baada ya uvamizi wa Ukraine, wafanyakazi wakagoma wakidai haki zao, na serikali ya Jojia ikaishia kupewa sehemu ya hisa. Mwenye nyumba ya wageni utakayolala anaweza kuwa na ndugu aliyefanya kazi kiwandani miaka hiyo. Mpe nafasi akusimulie, ikiwa anataka.

Kuhusu kufika. Kutoka Afrika Mashariki huwa unaunganisha ndege Istanbul, Doha au Dubai mpaka Tbilisi. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hesabu kwamba utahitaji viza na uanze kuifuatilia mapema. Waswahili wanaoishi Oman, Emirati, Ulaya au Marekani kwa kawaida wana unafuu, kwani Jojia imekuwa ikiwaruhusu wenye vibali vya ukaazi vya nchi hizo kuingia bila viza kwa muda maalumu. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, hivyo yasome upya kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Jojia mwezi ule unaosafiri, wala usitegemee maneno ya aliyekwenda mwaka juzi. Chapisha karatasi zote: hoteli, tiketi ya kurudi, bima ya safari, uthibitisho wa fedha. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza, na mwenye karatasi mkononi humalizwa haraka. Saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa moja tu, sawa na ya Muscat na Dubai.

Ukiwa Tbilisi, nenda stendi ya Didube. Metro inafika hapo. Utaona vibasi vidogo viitwavyo marshrutka, vinavyofanya kazi ya daladala na matatu, kila kimoja na kibao cha kiendako kwenye kioo. Kibao huwa kwa hati ya Kijojia, kwa hiyo taja tu jina la mji kwa sauti, utaoneshwa. Safari ni saa mbili na nusu au zaidi kidogo. Lipa kwa fedha taslimu, yaani lari. Treni nayo ipo, ni polepole zaidi, kama saa nne, lakini nauli yake ni ndogo na dirisha lake lina mengi. Kama mko watu wanne, kukodi teksi kunaleta gharama inayovumilika, na mnaweza kusimama njiani Gori au Mtskheta. Usikodi gari uendeshe mwenyewe wakati wa theluji kama hujawahi kuendesha juu ya barafu.

Msimu mzuri, nikiulizwa, ni Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Majani yanageuka, vyumba vinashuka bei, na wenyeji wanarudi kwenye mwendo wao wa kawaida. Mwisho wa Mei na Juni pia ni wakati mzuri, ingawa mvua haikosi. Julai na Agosti ni msimu wa watu wengi. Familia nyingi kutoka nchi za Ghuba huja Jojia kukimbia joto, kwa hiyo utasikia Kiarabu barabarani. Januari na Februari ni za theluji. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa anahitaji koti zito, viatu vyenye soli ya kushika, glavu na kofia, na si kwa mapambo.

Malazi ni ya aina mbili. Hoteli kubwa, zenye daktari na mabwawa ya ndani, zinamfaa aliyekuja kwa matibabu au anayesafiri na wazee. Wengine wote nawashauri nyumba za wageni za familia. Chumba ni safi, kifungua kinywa ni kikubwa, na mama mwenye nyumba anajua ratiba ya marshrutka kuliko mtandao wowote. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: nyumba iko mwinuko kiasi gani kutoka barabarani, kwa sababu ngazi za mji huu ni ndefu, na chumba kina kipasha joto chake au la.

Chakula hakitakushinda. Kuna lobio, maharage mekundu yaliyochemshwa mpaka kurojeka, yakaungwa kwa kitunguu, giligilani na viungo, yakaletwa ndani ya chungu cha udongo. Huliwa na mchadi, mkate mnene wa unga wa mahindi uliokaangwa. Maharage na mahindi, kwa hiyo utakuwa nyumbani tangu siku ya kwanza. Khachapuri ni mkate uliojazwa jibini, na mmoja unawatosha watu wawili. Pkhali ni mboga zilizopondwa na jozi. Samaki wa mito ya milimani, trauti, hupatikana mara nyingi na hukaangwa vizuri. Sokoni nunua asali, na jamu ya koni changa za misonobari, ambayo mwanzoni inashangaza kisha inapendwa.

Muislamu awe macho kwa mambo machache. Wajojia wengi ni Wakristo wa Kiorthodoksi, nguruwe na mvinyo ni vya kila siku. Khinkali, yale maandazi ya nyama yenye mchuzi ndani, mara nyingi hujazwa mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, lakini yapo ya uyoga, ya viazi na ya jibini. Lobio huweza kuletwa na kipande cha nyama ya nguruwe pembeni, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza. Migahawa ya halali utaipata kwa urahisi zaidi Tbilisi kuliko Borjomi. Ukialikwa kwenye karamu yao, supra, ambako mzee wa meza hutoa hotuba na kunyanyua glasi mara nyingi, unaweza kunyanyua glasi ya juisi au ya maji ya Borjomi bila kumvunjia mtu heshima. Sema mapema, kwa upole, kwamba hunywi. Watakuelewa.

Adabu zao hazitakuwa ngeni kwako. Mkubwa huheshimiwa. Mwanamume huitwa batono kabla ya jina lake, mwanamke kalbatono, na kijana anayetumia maneno hayo hutazamwa kwa jicho jema. Salamu ni gamarjoba, shukrani ni madloba. Wazee huzungumza Kirusi, vijana wengi wanajua Kiingereza. Kanisani mwanamke hufunika nywele na huvaa sketi, mwanamume haingii na kaptula. Mitandio ya kuazima huwekwa mlangoni. Mtu mweusi atatazamwa, hilo nakueleza ulijue mapema. Mji ni mdogo na wageni kutoka Afrika ni wachache. Mara nyingi ni udadisi: bibi atakuuliza umetoka wapi, mtoto ataomba mpige picha. Salimia wewe kwanza kwa Kijojia, na uone uso unavyobadilika. Ukikutana na asiye na adabu, ondoka, usibishane, na mwambie mwenyeji wako.

Siku ya pili au ya tatu ipeleke msituni. Hifadhi ya Taifa ya Borjomi-Kharagauli ilianzishwa mwaka 1995 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani na shirika la WWF, ikafunguliwa rasmi 2001. Ni miongoni mwa hifadhi kubwa za nchi hiyo, makao ya dubu, mbwa mwitu, linksi na kulungu, ingawa mgeni wa siku moja huona zaidi nyayo kuliko wanyama. Kuingia ni bure, lakini ni lazima ujiandikishe kwenye kituo cha wageni kilichopo mjini. Usilione hilo kama usumbufu. Ndiko watakakokupa ramani, watakwambia njia ipi imefungwa kwa matope au theluji, na wakijua umeingia watajua pa kukutafuta usiporudi. Chagua njia ya siku moja inayoanzia upande wa Likani kama huna uzoefu. Njia za kulala mlimani ni za watu waliojiandaa, wenye hema, viatu vya mlima na mwenzao wa safari.

Kwa wapenda reli kuna Kukushka, garimoshi dogo la njia nyembamba lililofunguliwa mwaka 1902 kuunganisha Borjomi na Bakuriani, mji wa kuteleza kwenye theluji ulioko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita 37 zinazochukua saa mbili na nusu, likipita msituni na juu ya daraja la chuma linalohusishwa na Gustave Eiffel. Huduma yake imekuwa ikisimamishwa kwa ukarabati, hivyo uliza stesheni kabla ya kupanga siku yako juu yake. Likiwa halifanyi kazi, marshrutka itakufikisha Bakuriani, na njiani unaweza kuchepuka kwenda Timotesubani, monasteri ya zama za kati yenye michoro ya ukutani ambayo peke yake inastahili safari.

Vardzia nenda, kwa siku yake kamili, ukitokea Borjomi badala ya Tbilisi. Mji ule uliochongwa ndani ya jabali katika karne ya 12, enzi za Malkia Tamar, uko saa mbili hivi kwa gari, na Rabati iko njiani. Ukiondoka Borjomi saa moja asubuhi utafika kabla ya wale waliotoka mji mkuu, utapanda ngazi za mapangoni kabla jua halijachoma, na jioni utakuwa umerudi kitandani kwako bila kulala shingo upande ndani ya basi.

Kama una siku moja tu ya kutoka nje ya Tbilisi, usiende Borjomi. Nenda Mtskheta, iko kilomita 20 hivi tu kutoka mji mkuu, ina makanisa ya kale ya kupendeza na siku moja inaitosha. Ukiwa na siku tatu, panda marshrutka.